Kirusi cha Mjomba Gervas

Munira, upo? Acha unachofanya. Noela wetu yamemkuta leo!

Si unajua ukoo mzima, simu ikigoma au kompyuta ikizima, anaitwa Noela. Basi mchana mjomba wake Gervas kampigia toka Kiwalani: "Mwanangu wahi, kompyuta imeingiwa na kirusi, inaleta meseji za mapenzi!" Noela kacheka, kapanda bodaboda toka Mtoni.

Kafika, shikamoo mjomba, kafungua. Munira, ni WhatsApp yake mwenyewe! Juzi aliiunganisha pale ili amprintie mjomba hati zake, akasahau kujitoa. Na meseji ni za Benjamin. Zote! Benjamin ambaye kwao Noela hawamjui, na kila akitaka kuja kujitambulisha Noela anamwambia subiri kidogo.

Mjomba katulia tuli. "Mwanzo nilidhani kirusi. Nilipoona anakuita jina, nikamjibu."

"Umemjibu?!"

"Nimemwandikia, njoo Jumapili na wazee wako."

Kamjibu, Munira! Benjamin anajua ni Noela! Na Noela wa watu yuko kwenye bodaboda, simu iko kwenye pochi!

Benjamin naye karudisha: "Asante mpenzi. Nilishaanza kuamini hunitaki."

Hapo Noela kachomoa simu kwenye pochi. Katoka uani, kaandika, "Sio mie niliyeandika." Kafuta. Kaandika tena, kafuta tena. Mjomba anamchungulia dirishani.

Mwishowe katuma neno moja tu: "Muwahi."