Vifungo Kumi na Vinne

Bredäng, 9 Januari 2025

Mkwe wangu Aida,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila goti langu lina siasa zake. Mumeo mzima na anakula, hilo usiwe na shaka. Je, wewe na baridi ya huko kaskazini mnaelewana?

Nakuandikia juu ya makava ya pampu. Miaka thelathini nimeshona kanzu, Tanga na hapa Stockholm, sikuwahi kufikiri kwamba nitavalisha mashine. Ulinipeleka karakanani kwa Alma, anayeziuzia meli vifaa, akanipa kazi, na makava ishirini na mawili ya kwanza yako melini kwenu. Kila moja nimelifunga kwa vifungo kumi na vinne vidogo, vimefichwa chini ya pindo, upepo usipate pa kupita. Alma anataka kuagiza mengine kwa meli ya pili, lakini anangoja neno lako wewe unayeyatumia. Niambie kweli, yanafaa?

Baba mkwe wako,
Khamis


Melini, 30 Januari

Shikamoo baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Barua yako imeletwa na ndege ya kubadilisha mabaharia, na hii itarudi nayo.

Kazi yetu, baba, ni kungoja. Meli ya mafuta ikipasuka huku kwenye barafu, sisi ndio wa kuyazoa mafuta kabla hayajasambaa. Leo ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kwa baridi hii mafuta huganda kama samli, na pampu ikipoa haivuti kitu, kwa hiyo lazima ikae na joto lake mpaka dakika itakapohitajika. Makava yako yanalitunza joto hilo. Nahodha alipapasa mshono akauliza nani fundi, nikasema baba mkwe wangu. Nilijisikia vizuri sana. Labda vifungo vingekuwa vikubwa kidogo, lakini si neno.

Mkazamwana wako,
Aida


Bredäng, 12 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na goti nimelisahau kwa furaha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea Alma kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. Ameagiza thelathini. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi naapa mshono wa safari hii ni mwembamba zaidi. Vifungo nimeviacha vilevile, maana umesema si neno. Nitayakabidhi tarehe kumi Machi, na meli itaondoka kumi na tano. Hapa Bredäng natembea kama bwana harusi.

Baba mkwe wako,
Khamis


Melini, 8 Machi

Shikamoo baba,

Naomba radhi kwa kimya changu. Barua hii nimeipiga picha na kuituma kwenye simu ya mwanao, kwa sababu haiwezi kungoja ndege.

Jana tulifanya zoezi. Kava linatakiwa litoke kwa dakika moja, pampu ishuke majini. Glavu zetu nene, hazishiki kifungo kidogo. Liam, baharia mwenzangu, alivua zake akafungua vifungo tisa kwa mikono mitupu. Baridi ilimuunguza. Daktari amesema ncha za vidole viwili zitakatwa.

Mimi nilijua, baba. Siku ya kwanza kabisa kava lilinishinda, nikalifungua kwa kisu, kisha nikavirudishia vifungo kwa sindano ili mtu asione. Halafu nikakuandikia kwamba si neno. Ungekuwa mtu baki ningekwambia siku ileile. Nilikuonea haya. Tafadhali usiyakabidhi yale mengine.

Mkazamwana wako,
Aida


Bredäng, 14 Machi

Aida,

Salamu zako zimefika. Nimekasirika, nakwambia wazi, na nusu ya hasira ni juu yangu. Fundi gani anashona bila kuuliza mvaaji ana mikono ya namna gani?

Nilichukua kava moja na glavu za kazi za mumeo, nikamwomba mwenye bucha kule Vällingby anifungie kwenye chumba chake cha baridi. Nilikaa humo dakika kumi na moja. Nilitoka nimefungua vifungo sita, na siku nzima sikuweza kushika sindano.

Nimemweleza Alma kila kitu. Meli ya pili imezuiwa wiki mbili. Nimeyafumua yote thelathini kwa wembe, na sasa yanafungwa kwa vipande vya mti ukubwa wa ngumi na vitanzi vya kamba. Yanatisha kwa ubaya, gunia la mkaa lina sura nzuri zaidi.

Wewe ulinistahi, mimi nikafurahi, na Liam akatoa vidole vyake. Nitumie anwani yake. Kava moja jipya nimelitia kwenye ndege yenu. Lijaribu uniandikie. Ukinisifu, sijibu.

Khamis


Melini, 27 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Anwani ya Liam iko nyuma ya karatasi hii. Amesharudi kwao Spånga, hukohuko Stockholm, na amesema usimwandikie, uende.

Kava nimelijaribu mara tano nikiwa na glavu. Mara nne limetoka kwa sekunde hamsini. Mara ya tano nililimwagia maji ya bahari kwanza, likachukua dakika nne. Mstari unaofuata nimeuandika na kuufuta mara mbili.

Kitanzi cha chini kushoto ni kifupi, kikilowa kinaganda. Umekishona vibaya, baba. Kifumue.

Mkazamwana wako,
Aida