Fyuzi ya Chumba cha Nne

Manzese, Dar es Salaam

Dada Fotunata,

Shikamoo. Kile kiuno kimeachia, au bado unainama kwa shida? Na kahawa mmemaliza kuchuma? Mie mwili mzima, ila roho haina raha, na huku sina wa kumwambia.

Unamkumbuka Mama Agnesi, yule mjane wa ng'ambo ya mto aliyenyanyaswa na mashemeji zake mpaka akakimbilia huku na mwanawe. Tulikuwa tumepanga nyumba moja, mie chumba cha pili, yeye cha nne. Nilipolala na malaria, uji wangu ulitoka kwake.

Sasa mwezi uliopita taa za nyumba nzima zikaanza kuchezacheza. Tyubu zinawaka, zinafifia, zinawaka tena, mpaka macho yanauma. Wapangaji wakaanza kutazamana vibaya, eti kuna mtu anapikia umeme kwa siri, na mwenye nyumba, Mzee Saidi, alishakataza. Akaniita nitafute. Dada, tangu kiwanda kitupunguze hakuna aliyeniita fundi. Siku ile waliniita wote, nikavimba kichwa.

Nilibadilisha stata, vile vidude vya kuwashia tyubu, wapi. Nikaenda kwenye ubao wa fyuzi ukumbini, nikawa nachomoa ya chumba kimoja kimoja na kuirudisha. Kuchomoa ya chumba cha nne, taa zikatulia tuli. Nikasema kwa sauti, "Ni huku." Hata nilipoirudisha zilibaki zimetulia, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini watu walishaingia ndani. Chini ya kitanda wakakuta jiko la umeme. Mama Agnesi akasema anamchemshia mtoto maji ya dawa tu, mara moja moja mkaa ukiisha. Hakuna aliyemsikiliza, na mie nilinyamaza. Mzee Saidi akamfukuza, na Jumamosi akapanda basi kurudi kwa mashemeji wale wale, maana kwingine hana.

Juzi taa zikaanza tena, na chumba cha nne kitupu. Nikazima umeme wote, nikafungua ubao. Skrubu inayobana waya mweusi wa nyumba nzima ilikuwa imelegea, imeungua pembeni. Ile chomoa chomoa yangu ndiyo iliyoitikisa ikashika kwa muda. Nikaikaza kwa bisibisi, nusu mzunguko, kwisha.

Nikaenda kwa Mzee Saidi nikamweleza kila kitu. Akaniuliza, "Jiko lilikuwepo, halikuwepo?" Nikasema lilikuwepo. Akarudi kwenye chai yake.

Msalimie baba mdogo, mlinzi wetu wa ghala, na shemeji na wanafunzi wake wote wa katekisimu. Yule mwanao wa mwisho mbusu kwa ajili ya mjomba wake.

Dada, nakuomba uvuke mto umtafute. Najua hakuna utakachoweza kumsaidia mbele ya wale watu, na chumba kimeshapata mtu. Mwambie tu jiko lake halikuwa na kosa. Nakuomba hivi kwa sababu asubuhi ile ya kuondoka alikuja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, akaniambia, "Kaka, nisamehe, nimekutia aibu mbele za watu, na sisi kwetu ni kumoja."

Nikamwambia nimeshamsamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Damas