Ushahidi wa Mtu wa Nje

Langoni, Amu
Ijumaa, 8 Mfungo Tano (14 Septemba 1956)

Kwa dada yangu mpenzi Bi Hadia binti Mohdhar, Mbwajumali.

Assalamu alaikum, dada, salamu za mdogo wako aliyekukumbuka leo kuliko siku zote. Naanza kwa kukuuliza hali, na tafadhali usinijibu lile neno lako la "hatujambo" linalofunika mambo yote kama kawa juu ya chakula. Goti lako limetulia? Shemeji Mselem amepona mkono uliochomwa na mwiba wa samaki? Tima yu mzima? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Alawiya ana kikohozi chake cha kila mwaka, ila hakimzuii kunigombeza. Ndizi ulizompa Jeilani chomboni mwake zimefika, tena nyingi, tumekula na majirani na bado mkungu mmoja unaning'inia jikoni.

Barua hii nimeiandika kwa hati ya Kiarabu ili uisome mwenyewe. Usimpe Tima akusomee. Sababu utaiona mbele.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakaa juu ya daka langu hapa mlangoni nikiwaandikia watu barua zao, mke anayedai talaka, mzee anayemtafuta mwanawe aliyepotelea Unguja, na wote huondoka wakisema Badawi ana kalamu. Sijapata kukwama. Hii yako nimeianza mara nne, na karatasi tatu Alawiya amewashia moto wa kupikia.

Nataka kukuandikia habari za padre. Najua hapa utasonya. Sonya, dada, kisha uendelee.

Huyu padre, Elisha Hiribae, mtu wa Ngao huko Mto Tana, huu ni mwaka wake wa tatu katika nyumba inayotazamana na yetu. Sisi twamwita padre, lakini kwao bado si padre kamili, kwa sababu wazee wa kanisa lake hawajamwekea mikono. Watu wake hapa Amu ni kumi na mmoja, nimewahesabu: askari wanne, dresa wa hospitali na mkewe, karani wa posta, na watoto. Jumapili wakiimba, sauti ya padre husikika juu ya zote, na si kwa uzuri. Nimewahi kumwambia hivyo, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mkewe amemwambia hayo tangu siku ya harusi.

Ni mtu wa mto, bahari haimjui. Kila mwezi hupanda chombo kwenda Faza, na kila mwezi hutapika tangu mlango wa bahari wa Mkanda mpaka kushuka. Jeilani humtengea ndoo yake. Nilidhani ana kanisa kubwa huko. Kumbe Faza ana mtu mmoja tu, askari mmoja Mkamba! Nikamuuliza kwa nini asimwandikie barua, mimi ningemwandikia bure. Akanijibu kwamba yule askari ana mama mgonjwa kwao, na barua haiwezi kukaa na mtu akilia.

Dini yake ni yake na yangu ni yangu, hilo halina mjadala, wala usiwe na hofu nami. Lakini jirani ni jirani, na hili ninalokuambia nimeliona kwa macho yangu.

Sasa, Jumanne iliyopita walikuja wazee wawili wa kanisa lao kutoka Mtoni, pamoja na Mzungu mmoja mrefu aliyegonga kichwa mlangoni kwangu. Wamekuja kumpima padre kama anafaa kuwekewa mikono. Niliwakaribisha kahawa, wakanieleza mambo wanayoyatafuta kwa mchungaji. Asiwe mlevi, asiwe mgomvi, awe na mke mmoja na nyumba yenye adabu, apende wageni, asipende mali. Hayo wameshayauliza kwa wale kumi na mmoja na wameridhika. Limebaki moja. Kitabu chao kinataka mchungaji ashuhudiwe vyema na watu walio nje ya dini yao. Nilitaka kucheka, maana hapa kwetu mji mzima uko nje!

Walikuwa wameanzia dukani kwa Bwana Hashim. Naye Hashim, unavyomjua kwa kutopunguza, akawaambia kwamba padre wao ni mwizi wa wana wa watu, kwamba Ramadhani ya mwaka jana alimchukua Kamaludin wangu akamficha nyumbani mwake siku tisa ili ambatize, na kwamba kama hawasadiki wakamuulize baba mtu. Ndiyo maana wakaja kwangu. Mzee mmoja, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniambia wazi. Kama mimi niliyedhulumiwa nitamsafisha padre, watamwekea mikono na atabaki Amu. Nisipomsafisha, hatawekewa mikono, na watamrudisha Mtoni akafundishe watoto kusoma. Nikawaambia kichwa chaniuma, waje Jumatatu asubuhi. Kichwa hakikuwa kikiniuma, dada. Kilichoniuma kilikuwa kingine.

Yaliyotokea Ramadhani ile wewe umeyasikia kwa kinywa changu, na kinywa changu hakikukuambia kweli. Kamaludin hakuitwa na padre. Aliondoka kwangu mwenyewe kwa hasira, usiku wa kuamkia kufunga, na akabisha nyumba ya padre kwa kuwa ndiyo nyumba pekee Langoni isiyo na mjomba wala ami yake. Siku ya tatu padre akanijia alasiri, akasimama mbele ya daka mpaka nilipomwambia aketi. Akasema mwanangu yuko kwake, anafunga na anasali sala zake zote, na mkewe anampikia futari. Wao wenyewe, na watoto wao wadogo, mchana hawali mbele yake, wanakula jikoni mlango umerudishwa.

Akaniambia na jambo jingine, ambalo angeweza kulificha. Kamaludin katika hasira zake alimtaka amwandike katika kitabu chake, awe Mkristo, ili mimi nikome. Fikiri, dada. Tangu padre afike Amu hajapata mtu wa mji huu hata mmoja, na wakubwa wake kila mwaka wanamuuliza amepata nani. Huyu hapa kajileta mwenyewe, kijana mwenye elimu, mwana wa Badawi. Padre akamkatalia. Alimwambia kwamba mlango wa Mungu hauingiwi kwa kumkomoa mzazi, na aende kwanza akatafute radhi za babake. Kisha akaja kwangu kuniomba nimpe mwanangu radhi.

Nikamuuliza kama Kamaludin amemwambia sababu ya ugomvi wetu. Akasema amemwambia. Nikamtaka anipe ahadi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Akanipa. Na radhi sikutoa. Siku ya tisa Kamaludin akasafiri kwenda Mombasa, dukani kwa Jamaludin mwana wa ami, na tangu hapo huniandikia mistari miwili kwa mwezi, wa kwanza salamu na wa pili salamu.

Dada yangu, sasa shika moyo.

Kamaludin alimtaka Tima. Alinijia mwezi wa Rajabu mwaka huo, kainamisha kichwa kwa haya, akaniomba nimpelekee posa Mbwajumali. Neno lile la kuwaozesha tulilowekeana mimi nawe siku ya arubaini ya mama, wao wenyewe wamelikuta mioyoni mwao bila ya kuambiwa. Ningepiga sijida siku ile kumshukuru Mungu. Badala yake nilimkatalia. Nilikuwa namwangalia binti ya Bwana Hashim, na zaidi ya binti nilikuwa naangalia ghorofa ya babake. Nikamwahirisha Kamaludin mpaka Shaabani ikaisha, na siku aliponishika nimpe jibu nikamwambia kwamba sikumsomesha ili akawe mkwe wa mvuvi. Nikamwambia nyumba ya shangazi yake inanuka shombo.

Nimeandika. Alawiya ananiuliza mbona natokwa na jasho.

Shombo lile ndilo lililonilea. Baba alipofariki nilikuwa na miaka minane, na kila wiki kapu la samaki mkavu lilitoka kwa mumeo likaja kwa mama, na ada ya chuo cha Kurani ikatoka humo, na wino wangu wa kwanza ukatoka humo. Haya yote nilikuwa nayajua wakati nasema. Kamaludin naye aliyajua, kwa kuwa mama alimsimulia, ndiyo maana hakuweza kukaa nyumba moja nami. Binti Hashim mwenyewe ameolewa Malindi na hakupata kujua kwamba nilikuwa namwangalia. Hayo ndiyo malipo yangu na yananitosha.

Uliponitumia Jeilani kuuliza mbona Kamaludin yu kimya na maneno ya Tima yameishia wapi, nilikujibu kwamba padre amemgeuza kichwa. Lilikuwa neno moja tu, la kunitoa hapo kwa siku ile. Likatoka Mbwajumali likarudi Amu limeshaota pembe. Bi Mwana, mchota maji wao, akaapa kwamba ndia ile hapiti tena, na mke wa padre akawa anakwenda kisimani mwenyewe na mimba ya miezi saba. Watu wakaacha kuitikia salamu zake. Na mimi nimekaa juu ya daka langu, hatua sita kutoka mlangoni kwake, kila asubuhi ananiamkia naitikia, na hajawahi hata kwa jicho kuniambia, "Bwana Badawi, waambie." Watu wakimuuliza mbele yangu, hujibu kwamba Kamaludin alikuwa mgeni wake na habari za mgeni hazitolewi nje.

Kisha alipofika Mbwajumali mwaka huu, na yule askari wake, akapita kwako akaomba maji ya kunywa. Wewe ukayajaza katika kata, ukayamwaga mchangani mbele yake. Shemeji alinisimulia akicheka, nami nikacheka naye. Dada, nyumba ya Mohdhar haijapata kumnyima mgeni maji. Aliyeyamwaga ni mimi, wewe ulikuwa mkono tu. Padre aliporudi nikamchokoza nimsikie, nikamuuliza kawaonaje watu wa Mbwajumali. Akasema wana minazi mizuri.

Jumanne ile ile, wazee walipoondoka, nilivuka njia nikaingia kwake. Nilitaka kumwambia kwamba nitasema kweli, na nakiri kwamba nilitaka pia anisifu kidogo. Hakunisifu. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akaniomba nisiseme. Alisema wazee watataka kujua sababu ya kijana kukimbia, sababu itatoka, na kabla ya Jumatano itakuwa imefika Mbwajumali kwa midomo ya watu. Kanisa, alisema, litapata mchungaji mwingine, na yeye kufundisha watoto Mtoni si aibu. Lakini mimi dada mwingine sitampata.

Nilimkasirikia, wallahi. Nilimwambia yeye ni mjinga, na nikatoka bila ya kuaga. Nimekaa nayo hasira hiyo siku tatu nikiitafutia sababu, na sababu ni hii: mtu asiye wa damu yetu wala wa dini yetu amekuonea huruma wewe, wakati mimi ndugu yako wa ziwa moja nilikuwa sijakufikiria hata mara moja. Nilikuwa nikifikiria jina langu.

Basi Jumatatu, inshallah, nitasema yote mbele ya wale wazee na yule Mzungu, na Hashim nimemwalika aje asikie kwa masikio yake, kwa maana yeye ndiye gazeti letu. Nimeona haki yako uyasikie kwanza kwa mkono wangu mwenyewe. Kamaludin nimemwandikia jana, nimempa radhi, na mimi nimemwomba yake. Akija, tutakuja wawili Mbwajumali kuleta posa iliyochelewa. Tima aulizwe mwenyewe. Akisema hapana, au wewe ukisema hapana, nitainamisha kichwa nirudi.

Lipo moja la mwisho ambalo lazima ulijue. Jeilani anaondoka leo baada ya sala ya Ijumaa na angeweza kukuletea barua hii jioni hii hii. Sitampa. Nitampa mwenzake anayesafiri Jumapili kwa maji ya jioni, ili jibu lako lisiweze kunifikia kabla ya Jumatatu asubuhi. Kwa sababu ukiniandikia, "Badawi, nyamaza, usituaibishe," nitanyamaza, dada. Nitanyamaza na nitafurahi. Najijua.

Alawiya, ambaye sasa ameshajua yote na amehamia chumba kingine, anakusalimu sana, na anasema yeye hana makosa. Msalimie Shemeji Mselem, na umwambie samaki wake nawajua thamani yao. Mpe Tima salamu za mjomba wake, bila ya kumweleza zaidi mpaka utakapoona inafaa. Mungu akuweke, akupe afya ya goti, na akupe nguvu ya kunigombeza uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Badawi bin Mohdhar