Mfenesi wa Bi Rehema

Pumwani, Jumanne

Bado namstaajabia Bi Rehema. Miaka yote nilimwona jirani tu anayewamba ngoma za harusi, seremala nikiwa mimi.

Jumamosi mwalimu mmoja wa Buruburu, mkimbizi kutoka Kambodia, aliniletea kinanda cha nyuzi cha marehemu baba yake, kitu pekee alichotoka nacho vitani. Kilikuwa kimepasuka ubavuni. Nikamwambia nitauziba ufa kwa mbao ya mvule.

Bi Rehema, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni kwake, akaja akakigonga kwa kidole, akakwaruza kidogo, akanusa. "Huu mfenesi, fundi. Ukitia mvule utaiua sauti yake."

Mwalimu akashangaa. Akasema ni kweli, kwao vinanda hivyo huchongwa kwa mfenesi.

Lakini Nairobi hii ningeupata wapi? Bi Rehema akaingia kwake, akatoka na gogo la mfenesi ambalo marehemu mumewe alilitoa Mombasa ili achonge ngoma, akafa kabla hajaichonga. "Kata hapa."

Nikapima mara tatu kabla ya kukata. Ningeweza kuharibu vitu vya marehemu wawili kwa msumeno mmoja.

Leo mwalimu amekipiga. Machozi yakamtiririka, nami nikadhani nimekosea. Bi Rehema akasogeza kigoda karibu naye.

"Piga tena, mwanangu," akamwambia.