Shati la Mpiga Solo

Oyugis
Jumatatu, 14 Agosti 1995. Asubuhi ya manyunyu na baridi kidogo.

Baba Bosibori,

Huku nyumbani hatujambo. Bosibori amepona kikohozi, na mahindi yameanza kukauka. Natumaini huko Kegonga watu wanajaa kuisikiliza bendi yenu.

Jumamosi nilikuwa Ndhiwa. Nilisimama nyuma, karibu na wauza soda, nikitaka kukushangaza. Kisha mwanamke mmoja mwenye kitambaa chekundu akainua mkono muziki usimame ili ajisifu, kama ilivyo desturi ya dansi hizi. Akashika maikrofoni: "Mimi nyar Ndhiwa, binti wa hapa hapa! Mpiga solo anavyong'aa hivyo, mnadhani nani alimpigia shati pasi?"

Watu wakashangilia. Mwimbaji wenu akajibu, "Shemeji, tumekuona!" Nawe ukacheka, ukaendelea kupiga gitaa lako la solo.

Mimi nilikufungia shati jeupe kwenye begi. Ulivaa la kijani, nisilolijua.

Labda ni mzaha wa jukwaani. Lakini Jumamosi hii mtapiga hapa Oyugis. Nami nitainua mkono muziki usimame, nijisifu mbele ya watu wote kwamba mimi ni mkeo. Nataka kusikia yule mwimbaji ataniita nani.

Usiku ule niliotoka Ndhiwa nilipata usingizi saa kumi, majogoo wakiwika.

Mama Bosibori