Bomba Moja Moto, Jingine Baridi

Shikamoo, Fundi.

Sijui huko uliko shikamoo inaitikiwaje, ila mimi nimekuamkia. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kwenye shamba lako la kahawa, na nina jambo linanishangaza mpaka leo, siwezi kulinyamazia.

Binti yako Anna alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kiume, mdogo kama kifaranga, na baridi ya Julai unaijua ilivyo huku juu Meru. Mkunga akasema asipopata joto hafiki hospitali ya misheni. Nikaomba gari la Bwana Shamba, hilo ninaloliendesha, kwa sababu lina hita, ile ya kupuliza joto ndani. Mwingereza huyo akanipa ufunguo.

Hatujafika mbali, hita ikaanza kupuliza baridi. Mama Anna, mkeo, aliyempakata mtoto, akaniambia taratibu, "Midomo yake inabadilika rangi." Niliogopa, Fundi. Nilitaka kukanyaga mafuta tu niteremke mlima.

Ndipo nikakusikia ukinifokea kama zamani karakanani: "Bomba liulize kwa mgongo wa mkono. Kiganja cha fundi kilishakufa ganzi." Nikasimamisha gari, nikafungua boneti, nikagusa mabomba mawili yanayopitisha maji ya moto ya injini kwenye hita. Moja la moto, jingine baridi kabisa. Basi maji yamepungua, hewa imeziba njia.

Nikaligeuza gari, pua ikatazama mlima, ili rejeta, tangi la maji ya injini, ikae juu na hewa ipate pa kutokea. Mama Anna akadhani nimekata tamaa, nawarudisha nyumbani. Akalia. Nikaomba maji ya moto nyumba ya jirani, maana ya baridi yangepasua injini. Nikalegeza kifuniko cha rejeta kwa gunia, nikaungua kidogo, nikayamimina maji huku injini ikinguruma. Mapovu yakapanda, maji yakazama, nikaongeza. Nikagusa tena. Yote mawili moto.

Joto likajaa garini, bila kuni wala moshi. Nilisimama nimeshika boneti, mwili ukinisisimka kama niko kanisani. Hewa kidogo tu, isiyoonekana, ilitaka kuondoka na mtu, na wewe uliijua.

Tulipofika hospitali, mtoto alilia. Sasa ananyonya vizuri, na ana hasira zako.

Pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi, akianza kutembea nitampeleka pale njiani, nimwambie hapa ndipo babu yake alipompasha moto, akiwa kaburini.