Vidonge Vilivyomwagwa Chooni

Jumatatu, 3 Machi

Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi minne. Ni fundi cherehani, lakini vidole vyake hufura: kinga ya mwili wake inamshambulia yeye mwenyewe. Ilianza na viungo, sasa inazitafuta figo. Daktari alimwamuru ameze vidonge kila siku. Leo niliisoma karatasi iliyomo kisandukuni. Dawa ya malaria! Hana malaria. Nikamwonya mwanangu. Alimpokonya mkewe vidonge, akavimwaga chooni. Mkewe akamng'ata mkono hadi damu ikatoka. Akamzaba kofi! Mkewe akaangukia cherehani. Mimi nilisema tu, "Basi!" — nikaikunja karatasi vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Kadi ya kliniki ya mkewe, mwanangu ameifungia karakanani kwake. Mkwe wangu hasemi nami ila, "Shikamoo, mama." Ni shikamoo ya kukata kama kisu. Naitikia.

Jumapili, 30 Machi

Mkwe wangu uso umemfura. Mkojo una povu. Nilipotaka kumkanda magoti alilipiga teke beseni. Maji ya moto yakaniunguza mguu.

"Mwalimu mzima! Karatasi ina pande mbili, mama!"

Nikaigeuza. Dawa hiyo hutibu pia maradhi ya viungo kama yake. Mjamzito asiiache bila kumwuliza daktari. Miaka thelathini na minne nimewachapa watoto wa watu kwa kujibu swali kabla ya kulisoma lote!

Nilikwenda karakana, mwanangu anakochomelea mageti. Nikamwambia: nilikosea. Akacheka.

"Nilipokubishia, ulinivunjia fimbo mgongoni. Tangu lini wewe ukakosea?"

Akarusha nondo. Ilipita kando ya sikio langu. Vibarua walitawanyika kama kuku walioona mwewe.

Jumatatu, 31 Machi

Saa nne asubuhi. Daktari amesema kwa simu: mleteni sasa hivi, vidonge vile vilikuwa vikiwalinda wote wawili. Mtoto je? Hakuahidi kitu.

Teksi ilifika. Mwanangu aliivunja kioo kwa nyundo. Dereva akatimua mbio na gari lake. Nikampiga mwanangu mchi begani. Niliusikia mfupa ukivunjika — mfupa niliouzaa mimi.

Tumejifungia chumbani, mimi na mkwe wangu. Kabati tumelisukumia mlangoni. Gari la wagonjwa liko njiani, wanasema. Naandika huku nikisikilizia king'ora chake.

Mwanangu anaupiga mlango kwa mkono mmoja.

"Mama! Apa kwamba mwanangu atazaliwa hai! Apa, niiweke nyundo chini!"

Siwezi kuliapia nisilolijua. Sijapata kusema uongo mbele ya mwanangu huyu, hata mmoja.

Mkwe wangu amenishika gauni kwa vidole visivyokunjika. "Apa, mama. Apa tu, akuamini kama alivyozoea!"

Bawaba ya juu imeng'oka. Ananiita tena. Nimefungua kinywa —